Watoto wa Matongo wasome sayansi kutoka Mto Mara

 

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu inatusimulia katika Sura Al-Maida, aya ya 31, habari ya mwana wa Adamu aliyemuua nduguye kisha asijue la kufanya na maiti ile. Mwenyezi Mungu hakumteremshia malaika wa kumfundisha. Alimpeleka kunguru, ndege akafukua ardhi, na yule muuaji akatazama, akaelewa, na akajuta kwamba ameshindwa hata kuwa mfano wa kunguru. Tunapoisoma aya hii huwa tunaliendea moja kwa moja kosa la kuua, na ndivyo inavyostahiki. Lakini ndani yake limo pia jambo la elimu: mwanadamu aliyepungukiwa na maarifa aliamriwa kumtazama kiumbe mwingine, na mwalimu wake akawa ndege.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ninataka kuzungumzia somo la sayansi katika shule za Kata ya Matongo, wilayani Tarime, mkoani Mara. Wengi wetu tumelisikia eneo lile kwa ajili ya dhahabu. Nyamongo na vijiji vyake vinauzunguka mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na habari zitokazo huko mara nyingi ni za fidia, za mawe ya dhahabu na za ugomvi. Ni nadra kusikia likitajwa jambo lililo wazi kwa kila mtoto wa huko: kwamba wanaishi kando ya Mto Mara, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo wasomi wa ulimwengu husafiri maelfu ya kilomita kuja kujifunza uhusiano wa wanyama, majani, maji na udongo.

Mtoto wa Matongo anajifunza uhusiano huo kwa chaki. Mwalimu huchora jani, kisha mshale, kisha swala, kisha mshale, kisha simba. Mwanafunzi ananakili, anakariri kwamba jani ni mzalishaji na simba ni mlaji, na siku ya mtihani anajibu swali na kupata alama zake. Simlaumu mwalimu. Darasa limejaa, vitabu havitoshi, muhtasari ni mrefu, na mtihani wa taifa haumuulizi mtoto kama amewahi kukaa kimya nusu saa akimtazama mdudu. Hata hivyo mtoto huyo huyo, ambaye pengine alfajiri amechunga ng'ombe kabla ya kuja shule, anajua ni majani gani ng'ombe huyapenda na yapi huyakwepa, na ni ndege gani hutua mgongoni mwa mnyama kula kupe. Elimu hiyo ameiacha nje ya mlango wa darasa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba nayo ni sayansi.

Nyumbu wanaozama

Tuutazame mto wenyewe. Mto Mara unaanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, unapita katika hifadhi ya Masai Mara, unaingia Tanzania kupitia kaskazini mwa Serengeti, kisha unaiacha hifadhi na kupita katika nchi ya Tarime, Serengeti na Butiama hadi kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, safari ya kilomita zipatazo 395. Mto Tigithe, unaopita katika vijiji vya Nyamongo, ni miongoni mwa vijito vinavyouongezea maji.

Kila mwaka nyumbu wapatao milioni moja na laki tatu huzunguka baina ya Serengeti na Masai Mara wakifuata mvua na majani mabichi. Wanapovuka mto, wengi huzama. Watafiti walioufanyia kazi mto huo upande wa Kenya walitangaza mwaka 2017 kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka, wenye uzito wa zaidi ya tani 1,000 kwa jumla. Mtu atasema ni hasara. Lakini mizoga ile hulisha mamba, tai na korongo, na samaki wa mto hupata humo sehemu kubwa ya riziki yao kwa wiki kadhaa. Nyama ikisha, hubaki mifupa, nayo huchukua kiasi cha miaka 7 kuoza, ikitoa kidogo kidogo fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea. Juu ya mifupa huota utando wa vimelea vidogo, na samaki wakaula utando huo muda mrefu baada ya nyumbu kusahauliwa.

Maji hayo ndiyo yanayoteremka kuelekea Tarime. Kwa hiyo kambale anayevuliwa na baba wa mwanafunzi huko chini huenda ndani yake imo sehemu ya nyumbu aliyezama miaka kadhaa nyuma katika nchi nyingine. Ukimpa mtoto maelezo haya, mishale ile ya ubaoni inapata uhai. Anaelewa pia kwamba mnyororo wa chakula hauishi kwa simba kushiba. Unashuka hadi kwa bakteria, kisha unapanda tena.

Kuna habari nyingine ambayo ningependa kila mwalimu wa sayansi wa mkoa wa Mara aifahamu, kwa kuwa inawahusu wafugaji moja kwa moja. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki pamoja na ng'ombe wageni, ukaangamiza mifugo na nyumbu kwa pamoja, na ukabaki kwa miongo mingi. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka iliwatoka nyumbu katika miaka ya 1960, ingawa hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa wapatao laki mbili na nusu. Mwaka 1977 wakawa milioni moja na laki tatu. Nyumbu wengi walikula majani mengi, majani yalipopungua mioto ya kiangazi nayo ikapungua, na mioto ilipopungua miti michanga ikapata kukua. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ikaotesha miti Serengeti! Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani kote.

Mwenyezi Mungu ametueleza mwanzoni mwa Sura Ar-Rahman kwamba ameiinua mbingu na ameweka mizani, na akatukataza kuidhulumu mizani hiyo. Maulamaa wameizungumza aya hiyo kwa upana, kuanzia kipimo cha dukani hadi uadilifu wa hakimu. Sioni kizuizi cha mwalimu wa dini kumtajia mwanafunzi wake na habari ya sotoka, ili ajue mizani hiyo imeenea kiasi gani.

Maji yalipobadilika rangi

Pengine msomaji atauliza: haya yana faida gani kwa mtoto ambaye wazazi wake wanahangaikia mlo? Jibu limo katika matukio ya mto huo huo.

Mwezi Mei mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia katika Mto Tigithe, na wananchi wakalalamikia vifo vya mifugo na madhara kwa watu. Mwaka 2019 mgodi huo ulitozwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu za uchafuzi. Kisha, mwezi Machi mwaka 2022, maji ya Mto Mara upande wa chini, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu wakasema ni sumu. Kamati iliyoundwa na serikali ikachunguza na kueleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo mingi pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wako waliokubali, na wako waliokataa kwa sauti kubwa, wakisema ng'ombe wamekuwapo siku zote.

Mimi si mkemia na sikusudii kuamua kesi hiyo hapa. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi katika waliobishana walikuwa na elimu ya kubishana? Mwaka 2018 watafiti walieleza jambo linalofanana na hilo juu zaidi mtoni, ambako kuna viboko wapatao 4,000. Kiboko hula majani nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Katika madimbwi yao kinyesi hulundikana, bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni, na mvua kubwa inapokuja kuyasukuma maji yale chini, samaki hukosa pumzi na kufa kwa wingi. Hakuna mgodi pale. Basi mtu mwenye elimu hiyo hawezi kusema kwamba samaki akifa ni lazima pawepo sumu. Wala hawezi kuridhika mara moja anapoambiwa ni kinyesi cha ng'ombe, bali atauliza: oksijeni ilipimwa wapi na siku gani? Zebaki na metali nyingine zilipimwa? Mvua ilinyesha lini? Atauliza kwa adabu, lakini atauliza, na ofisa aliye mbele yake itambidi ajibu.

Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuipeleleza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga, kisha wakajuta. Agizo hilo ndilo pia msingi wa somo la sayansi. Jamii ambayo watoto wake hawakufundishwa kupima na kuuliza itabaki mateka wa uvumi kwa upande mmoja, na wa taarifa za wakubwa kwa upande mwingine. Na kwa watu wa Matongo, wanaoishi baina ya mgodi na hifadhi, huo ni utumwa wenye gharama, maana yanayobishaniwa ni maji wanayokunywa.

Elimu hii haikuwa ngeni kwa Waislamu

Kuna wazazi Waislamu, na mimi nimewasikia, wanaoona kwamba habari za wanyama pori ni mambo ya watalii, na kwamba mtoto akishajua kusoma, kuhesabu na kuswali yametosha. Ndugu zangu, hayo si mafunzo ya wazee wetu. Qur'ani ina sura zilizopewa majina ya nyuki, chungu, buibui na tembo. Katika Sura Al-An'aam, aya ya 38, tunaambiwa kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Na katika Sura Al-Ghashiya Waarabu wa jangwani waliulizwa kama hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Hawakuelekezwa kwa mnyama wa mbali wasiyemjua, bali kwa yule aliyekuwa amefungwa mlangoni mwao. Laiti wangekuwa watu wa Matongo, pengine wangeulizwa juu ya nyumbu na kiboko.

Wanazuoni waliipokea amri hiyo ya kutazama. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika Kitabu cha Wanyama katika mijaladi saba, na humo alieleza namna panya anavyotoka kuwinda walio dhaifu kuliko yeye huku naye akiwahofia nyoka na ndege wanaomuwinda. Mishale ya ubaoni hiyo, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuwapo shule zetu. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alikuwa mwanazuoni wa fikihi, na akatunga kamusi kubwa ya maisha ya wanyama, akitaja kwa kila mnyama tabia zake na hukumu ya kuliwa kwake. Na kabla yao wote, Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu ambamo hakuwindwi mnyama wala haukatwi mti wake. Asiyejua haya hudhani kwamba hifadhi ni neno lililoletwa na Wazungu mwaka 1951 pamoja na Serengeti.

Tuna mfano wa karibu katika nchi yetu wenyewe. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi waliokitegemea walikuwa wamekwisha kuelezwa mara nyingi madhara ya baruti na nyavu haramu juu ya matumbawe, na wengi hawakubadilika. Baadaye taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na wenyeji na shirika la CARE kuendesha semina zilizomsomesha mvuvi habari ya samaki na matumbawe kwa njia ya aya za Qur'ani, pamoja na masheikh na walimu wa madrasa. Wavuvi wakaanza kusema kwamba sheria ya serikali wanaweza kuikimbia, lakini ya Mwenyezi Mungu haikimbiliki. Sayansi iliyofundishwa ilikuwa ile ile. Kilichoongezwa ni sababu ya kuitii.

Mwalimu afanye nini?

Tarime si Pemba. Waislamu huko ni wachache, na shule za serikali zina watoto wa kila dini, kama inavyofaa. Simtaki mwalimu wa sayansi ahubiri darasani. Ninachomwomba ni kulitoa somo lake nje ya ukuta pale inapowezekana.

Hahitaji basi la kwenda Serengeti, ingawa akilipata ni kheri. Jiwe lililo kwenye kijito linatosha. Chini ya mawe ya vijito huishi viluwiluwi vya wadudu, baadhi yao hawavumilii uchafu, na wengine hustahimili. Afrika Kusini wanafunzi wa shule hutumia njia iitwayo miniSASS: huwatambua wadudu hao, huwapa alama, na kutokana na alama hizo huikadiria afya ya mto. Vifaa vyake ni wavu mdogo, sinia jeupe na karatasi yenye picha. Darasa likifanya hivyo kila muhula na kuandika matokeo katika daftari moja la shule, baada ya miaka 5 shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna kamati inayoweza kuipuuza kirahisi. Lakini tahadhari: mto wenye mamba na viboko si mahali pa kupeleka watoto, wala maji yanayoshukiwa hayashikwi kwa mikono mitupu. Mwalimu achague kijito kidogo kilicho salama, aende na wazee wanaolijua eneo, na anawishe watoto mikono.

Vikundi vya kumsaidia vipo. Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi wa Tanzania. Roots & Shoots, ambayo leo imeenea duniani, ilianzishwa na Jane Goodall jijini Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na vijana 12 tu. Na kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara. Ingependeza siku hiyo watoto wa Matongo wasimame na daftari lao na kusoma hesabu ya wadudu wao mbele ya wageni rasmi, badala ya kuimba nyimbo za kuwakaribisha na kukaa chini.

Kwa upande wa madrasa, ustadhi anaweza kumuuliza mwalimu wa shule wiki hii wamefikia mada gani, kisha akaisomesha sura inayolingana nayo. Wakisoma nyuki shuleni, jioni wasome Sura An-Nahl. Gharama yake ni mazungumzo ya dakika 10 njiani.

Nyama ya mtego

Limebaki jambo moja zito, nami sitaki kulipita. Katika vijiji vinavyopakana na Serengeti nyama pori huuzwa kwa siri, na sehemu kubwa ya wanyama hao huuawa kwa mitego ya nyaya. Waya humkaba nyumbu au pundamilia shingoni au mguuni, naye huhangaika hadi afe, wakati mwingine bila mtegaji kurudi kumtazama, akaoza bure. Mwislamu hununua nyama hiyo kwa hoja kwamba nyumbu ni halali. Nyumbu ni halali akichinjwa. Lakini Sura Al-Maida, aya ya 3, imemtaja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kukabwa kuwa ni miongoni mwa walioharamishwa, isipokuwa atakayewahiwa akiwa hai na kuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Muuzaji wa gizani hakuambii mnyama wake alikufaje, na ukimuuliza atakujibu lile unalotaka kulisikia. Zaidi ya hayo, kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, na mnyama yule ni mali ya umma, si yangu wala yako. Tunamjua pia yule mwanamke aliyeingia motoni, kama alivyotusimulia Mtume (S.A.W.), kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwachia ajitafutie. Basi mateso ya siku mbili katika waya tutayasemea nini?

Mtoto aliyesoma shuleni nafasi ya nyumbu katika mto wake, na jioni akasoma madrasa aya ya 3 ya Sura Al-Maida, ataketi kwenye sinia na baba yake, na ikiletwa nyama isiyojulikana itokako atauliza: "Baba, huyu alichinjwa na nani?"

Wallahu a'lam.